Diski mbili, lebo moja: jinsi bekapu ilivyofuta kazi iliyokuwa ikiilinda

Kisa hiki kimeandikwa kwa ruhusa ya ofisi iliyopatwa nacho. Jina la ofisi, mji, majina ya watu na tarehe vimeondolewa, na UUID (namba ndefu ya utambulisho wa mfumo wa faili) iliyoonyeshwa imebadilishwa na kufupishwa. Mpangilio wa matukio na amri zilizotumika vimeachwa kama vilivyokuwa. Niliitwa data ikiwa imeshapotea, nisaidie kuirudisha, kwa hiyo ninayoyaeleza nimeyapata kwenye diski zenyewe, kwenye historia ya amri ya seva, na kwa fundi aliyehusika, ambaye hakuficha kitu.

## Usuli

Ni ofisi ya wapimaji ardhi kwenye mji mmoja wa pwani, watu wasiofika kumi na watano. Wanapima viwanja na mashamba, wanachora ramani za upimaji, wanaandaa majalada ya wateja. Michoro ya DWG, PDF zilizosainiwa, picha za mawe ya mipaka na data ghafi kutoka kwenye vipokezi vya GPS, vyote vinakaa kwenye seva moja ndogo ya Linux iliyowekwa chini ya ngazi, kando ya UPS. Kwa jumla ni kama GB 600.

Bekapu yao ilikuwa ya diski mbili za nje za USB, TB 2 kila moja, aina moja, rangi moja nyeusi. Moja inakaa kwenye seva wiki nzima, nyingine inalala nyumbani kwa mhasibu, ili hata ofisi ikiungua kuwe na nakala mahali pengine. Kila Jumatatu asubuhi mhasibu anakuja na aliyolala nayo, anachomoa iliyopo, anachomeka aliyoileta. Kwa ofisi ya ukubwa ule huo ni mpango mzuri. Nimeona taasisi kubwa zaidi zisizo na hata nusu yake.

Kwenye seva, fundi alikuwa ameweka mstari huu katika `/etc/fstab`, orodha ya diski na mahali pa kuzipachika. Unaitafuta diski kwa lebo yake, yaani jina lililoandikwa ndani yake:

```
LABEL=NAKALA  /mnt/nakala  ext4  noauto  0  0
```

Na kila siku saa nne usiku, cron (programu ya kuendesha kazi kwa saa zilizopangwa) iliendesha skripti ambayo kiini chake ni hiki:

```
mount /mnt/nakala && rsync -a --delete /srv/kazi/ /mnt/nakala/kazi/
umount /mnt/nakala
```

Angalia alama za `&&`. Diski isipokuwepo, `mount` (amri ya kupachika diski) inashindwa na rsync (programu ya kulinganisha na kunakili folda) haianzi. Bila alama hizo, rsync ingemwaga GB 600 ndani ya folda tupu ya `/mnt/nakala` kwenye diski ya mfumo hadi ijae. Aliyeandika hivyo alikuwa anafikiri, na hilo ni vizuri likumbukwe tunapoendelea.

Diski ya pili ilinunuliwa miezi kadhaa baada ya ya kwanza. Badala ya kuifomati na kuipa lebo upya, fundi aliinakili ya kwanza yote kwa `dd`, baiti kwa baiti, akaiacha ifanye kazi usiku kucha. Asubuhi diski mbili zilikuwa sawasawa.

## Lebo inakaa wapi, na nani anaisoma

Kwenye ext2, ext3 na ext4, lebo imeandikwa ndani ya mfumo wa faili wenyewe, katika eneo linaloitwa superblock ambalo huanza baiti 1024 kutoka mwanzo wa patisheni (sehemu ya diski yenye mfumo wa faili). Humo kuna baiti 16 za UUID, na papo hapo baada yake baiti 16 za lebo. Ndiyo maana lebo ya ext4 haizidi herufi 16 za kawaida. XFS inakupa 12, FAT inakupa 11. Ni maandishi tu, aliyoyaandika mtu, na hakuna kinachozuia diski kumi zikaandikwa neno lilelile.

Watumiaji wa zamani wa DOS watakumbuka amri ya `vol`, iliyotoa jina la diski na namba yake yenye herufi nane. Kwenye Linux zipo kadhaa. `lsblk -f` inaonyesha diski zote kwa mti, pamoja na lebo na UUID. `blkid` inatoa habari hizohizo kwa mstari mmoja kwa kila patisheni. `e2label /dev/sdb1` inasoma lebo ya patisheni moja ya ext, na ukiiongezea neno mbele, inaandika. Folda ya `/dev/disk/by-label` ina viungo vilivyopewa majina ya lebo, kila kimoja kikielekea kwenye patisheni yake.

Kabla hujaziamini kwa macho yaliyofumba, jua zinasoma wapi. `blkid` ikiendeshwa na mtumiaji wa kawaida inaweza kukupa jibu la kwenye kumbukumbu yake ya akiba, si la kwenye diski. `sudo blkid -p /dev/sdb1` inakwenda kwenye diski yenyewe. `lsblk` nayo inachukua lebo kwenye hifadhi ya udev, sehemu ya Linux inayosimamia vifaa. Kwa kawaida majibu yanalingana. Umebadilisha lebo sasa hivi na bado unaona ya zamani? Hapo ndipo pa kukumbuka tofauti hii.

Kwa nini watu walianza kutegemea lebo badala ya kuandika `/dev/sdb1` moja kwa moja? Kwa sababu majina ya `sda` na `sdb` hutolewa kwa kufuata mpangilio wa diski kugunduliwa, na mpangilio huo unaweza kubadilika kila mashine inapowaka. Fedora 7 ilipotoka mwaka 2007, diski za IDE zilizozoeleka kama `hda` zikaanza kuitwa `sda`, na mashine ambazo `fstab` yake ilitaja majina ya zamani zikapata shida. Lebo ziliokoa. Lakini hata kabla ya hapo Red Hat ilikuwa imeshaonyesha upande wa pili wa shilingi: kisakinishi chake kiliipa patisheni ya mfumo lebo ya `/`. Ukichukua diski ya mashine moja ya Red Hat na kuichomeka kwenye nyingine, unakuwa na `/` mbili, na mashine inaweza kuwaka kwa kutumia ile usiyoitarajia.

Nikiwafundisha mafundi hutumia mfano wa daladala. Lebo ni jina lililochorwa ubavuni, UUID ni namba ya usajili, na namba ya siriali ya diski ni namba ya chasisi. Jina la ubavuni mtu yeyote anaweza kulirudia kwenye gari lake. Namba ya usajili kwa kawaida ni moja kwa gari moja, ila `dd` inanakili jina na namba ya usajili pamoja. Haigusi chasisi.

## Mtiririko wa matukio

Nitaziita diski A na B, ingawa siku ile hakuna aliyekuwa na majina hayo, na hapo ndipo penye kisa chote.

Jumatatu ya kwanza mhasibu aliichomoa A, akaichomeka B, akaenda na A nyumbani. Kawaida.

Jumatatu ya pili mhasibu alikuwa likizo. Hakuna aliyebadilisha. B ikaendelea kupokea bekapu kila usiku.

Jumatatu ya tatu alirudi, lakini alifika ofisini na kukuta mteja anamsubiri. Akampa karani ile A: "Mwanangu, kaichomeke hii kwenye seva." Karani akaenda chini ya ngazi, akakuta tundu moja lina diski na jingine liko wazi, akachomeka kwenye lililo wazi. Hakuambiwa achomoe nyingine. Tangu siku hiyo seva ilikuwa na diski mbili zenye lebo ya NAKALA na UUID moja.

Skripti haikulalamika. Jina `/dev/disk/by-label/NAKALA` ni kiungo kimoja, na kiungo hakiwezi kuelekea sehemu mbili. Patisheni mbili zikiligombea jina, moja inalipata, na usijenge chochote juu ya dhana kwamba itakuwa ile unayoitaka. Usiku wa Jumatatu, Jumanne na Jumatano kiungo kilielekea B. Nalijua hilo kwa sababu baadaye nilikuta michoro ya Jumatano kwenye nafasi tupu za B, na A haikuwa na hata moja.

Alhamisi alfajiri umeme ulikatika, UPS ikachoka, na uliporudi diski kuu ya seva haikuamka. Ilikuwa inagonga tu.

Fundi alifika kabla ya saa sita mchana na diski mpya. Akasakinisha mfumo, kisha akataka kurudisha data. Aliandika `lsblk` bila `-f`, akaona `sdb` na `sdc`, zote za 1.8T, bila lebo wala UUID, kwa sababu `lsblk` tupu haionyeshi hivyo. Alijua ofisi ina diski mbili za bekapu. Akadhani zote mbili ni nzima na zinalingana, isipokuwa labda kwa siku moja mbili. Akaandika:

```
mount LABEL=NAKALA /mnt
```

Mashine ilikuwa imewashwa upya na mfumo mpya, diski zikagunduliwa kwa mpangilio mwingine, na safari hii jina la NAKALA likaangukia A: ile ambayo mara ya mwisho kuandikwa ilikuwa kabla ya Jumatatu ya kwanza.

Alifungua folda, akaona majalada ya wateja kwa miaka yao, akaanza kunakili. Ilichukua kama saa mbili. Akarudisha pia `fstab` na mstari wa cron kutoka kwenye nakala ya `/etc` iliyokuwa humohumo. Mkuu wa ofisi akaja, akafungua mchoro wa mradi wa mwaka uliopita, ukafunguka. Kila mtu akashusha pumzi.

Fundi akaitoa A, akiitambua kwa taa ya bluu iliyokuwa ikimetameta wakati wa kunakili. Akampa mhasibu: "Dada, hii ndiyo imetuokoa leo. Nenda nayo nyumbani uitunze." B akaiacha kwenye seva iendelee na kazi ya usiku.

Saa nne usiku cron ikaamka. Sasa NAKALA ilikuwa moja tu, B, na ndiyo pekee duniani iliyokuwa na kazi ya siku kumi na saba za mwisho. rsync ikalinganisha seva yenye picha ya zamani na B yenye picha mpya, ikaiona B ina faili nyingi zisizokuwepo kwenye seva, ikazifuta. Ndiyo maana ya `--delete`. Faili zilizokuwa zimebadilishwa ndani ya siku hizo zikarudishwa kwenye matoleo yao ya zamani, kwa sababu rsync ikiona ukubwa au saa ya faili inatofautiana inanakili, haiulizi ipi ni mpya.

Ijumaa saa mbili na nusu asubuhi mpimaji mmoja alimpigia fundi: "Fundi, kazi ya wiki hii haipo. Na ya wiki iliyopita pia."

## Maamuzi na sababu zake

Ukimsikiliza fundi hatua kwa hatua hukuti mahali alipofanya kitu cha kijinga.

Aliziita diski zote NAKALA kwa makusudi. Alitaka skripti isijali ni diski ipi iliyopo, ili mhasibu abadilishe tu bila kumpigia simu. Kama lebo zingekuwa mbili, `fstab` ingehitaji mistari miwili na skripti ingehitaji kuchagua. Urahisi huo ulikuwa na faida ya kweli: mpango ulifanya kazi kwa muda mrefu bila kuguswa.

Alitumia `dd` kwa sababu diski zilikuwa za ukubwa mmoja, na amri moja ya usiku ilimpa diski iliyokwisha kamilika asubuhi. Hakuhitaji kukumbuka chaguo za `mkfs`, amri ya kufomati.

Hakuweka `-v` (chaguo la kuorodhesha kila faili) kwenye rsync kwa sababu barua za cron za kila siku zenye maelfu ya mistari hakuna anayezisoma. Hili pia naliunga mkono, ingawa matokeo yake ni kwamba hapakuwa na kumbukumbu yoyote ya diski ipi iliandikwa usiku upi.

Aliwasha cron jioni ileile kwa sababu ofisi iliyotoka kupoteza diski asubuhi haifai ilale bila bekapu. Ungeniuliza siku ile, pengine ningemwambia vivyo hivyo.

## Matokeo

Nilipopigiwa simu Ijumaa, neno la kwanza lilikuwa B ichomolewe na isichomekwe popote. Fundi alikuwa ameshaipachika mara moja kutazama, si zaidi. A ilirudishwa kutoka kwa mhasibu; nayo ilikuwa na picha ya zamani. Kwa hiyo nakala tatu, seva na diski mbili, zote zilikuwa zinakubaliana, na zote zilikuwa nyuma kwa siku kumi na saba.

Tuliinakili B nzima kwa `ddrescue` kwenye diski kubwa zaidi, na kazi yote ya uokoaji ikafanyika kwenye nakala hiyo. Mambo mawili yalitusaidia. B ilikuwa diski ya sahani zinazozunguka, si SSD, kwa hiyo vipande vilivyoachwa wazi vilibaki na maandishi yake. Na rsync kwa kawaida haiandiki juu ya faili ya zamani: inaandika faili ya muda pembeni, kisha inaibadilisha jina. Matoleo mapya ya michoro hayakufunikwa papo hapo, yaliachiliwa tu.

Tulijaribu `extundelete` kwanza, ikapata kidogo. ext4 ikifuta faili inafuta pia ramani ya mahali vipande vyake vilipokuwa, na programu hiyo inabaki kutegemea mabaki ya kwenye jono (daftari la mabadiliko, journal) la mfumo wa faili, ambalo huandikwa juu haraka. PhotoRec ndiyo iliyotoa mzigo, kwa sababu haijali majina wala folda. Inatafuta alama za mwanzo za kila aina ya faili. Inakurudishia DWG, PDF na picha, zikiwa na majina ya namba tu kama `f48213504.dwg`, zimerundikwa kwenye folda za `recup_dir`.

Wapimaji vijana wawili walikaa wakifungua mchoro mmoja baada ya mwingine, wakisoma jina la mteja kwenye kisanduku cha pembeni mwa ramani, wakibadilisha jina la faili. Michoro mingi ilipatikana hivyo. Data ghafi ilikuwa bado ipo kwenye kumbukumbu za vipokezi vya GPS. Hati zilizosainiwa ziliskaniwa tena kutoka kwenye karatasi. Jedwali la malipo la mhasibu halikupatikana zima. Aliliandika upya kwa kutumia stakabadhi, na kwa muda mrefu hakutaka hata kuiona ile diski nyeusi.

## Uchambuzi

Mkuu wa ofisi alitaka kumwandikia karani barua ya onyo. Nilimwambia kwamba karani ndiye mtu wa mwisho wa kulaumiwa: aliambiwa achomeke, akachomeka. Kosa lilikuwa kwamba usalama wa mpango mzima ulisimama juu ya sharti moja, *diski moja tu iwepo kwa wakati mmoja*, na sharti hilo halikuandikwa popote. Halikuwa kwenye skripti, halikuwa kwenye karatasi ukutani. Lilikuwa kwenye mazoea ya mhasibu ya Jumatatu asubuhi, na mazoea yakaenda likizo.

Lebo yenyewe ilifanya kazi yake. Ilisema "mimi ni nakala", na diski zote mbili zilikuwa nakala. Iliulizwa swali jingine, "wewe ni nakala ipi?", ambalo haikuwahi kupewa jibu lake. Kutumia lebo kama jina la kazi ni sawa; kuitumia kama kitambulisho kunahitaji kwanza uhakikishe hairudiwi. Ofisi hii ilitumia neno moja kwa mambo yote mawili.

Kisha `dd` ikaondoa kinga ya pili. Kama B ingefomatiwa kwa `mkfs.ext4 -L NAKALA`, lebo zingefanana lakini UUID zingetofautiana, na fundi angekuwa na kitu cha kuandika kwenye daftari lake. Nilipozichomeka zote mbili baadaye, zikiwa zimezuiwa kuandikwa, hiki ndicho nilichokiona:

```
$ lsblk -o NAME,LABEL,UUID,SIZE
sdb                            1.8T
└─sdb1  NAKALA  4f0c…a91e      1.8T
sdc                            1.8T
└─sdc1  NAKALA  4f0c…a91e      1.8T
```

Ungeangalia skrini hiyo siku nzima usingejua ipi ni ipi. Lakini ungejua jambo moja muhimu kuliko yote, kwamba ziko mbili zenye jina moja, na mkono ungesita kabla ya kuandika `mount`. Fundi hakuiona kwa sababu aliacha `-f`. Sisemi angeokoka kwa herufi moja. Nasema amri ya kuonyesha lebo ilikuwepo, inachukua sekunde moja, na wakati wake ulikuwa kabla ya kupachika, si baada.

Kuna amri nyingine ambayo ingemaliza ubishi wote. Superblock ya ext4 haihifadhi jina tu, inahifadhi pia saa. `tune2fs -l /dev/sdb1` inatoa mistari mingi, na miongoni mwake kuna hii:

```
Filesystem volume name:   NAKALA
Last mounted on:          /mnt/nakala
Last mount time:          …
Last write time:          …
```

Alhamisi mchana mistari miwili ya mwisho kwenye A ingeonyesha tarehe ya zaidi ya wiki mbili nyuma, na kwenye B ingeonyesha usiku wa kuamkia siku hiyo. Ni ushahidi wa wazi kabisa, na ni ushahidi unaofutika: ukishaipachika diski kwa kawaida, kwa kusoma na kuandika, saa hizo zinabadilika na kuwa za sasa. Dakika fundi alipoandika `mount`, A nayo ikawa diski "iliyotumika leo". Ndiyo maana kwenye uokoaji tunasoma superblock kwanza, kisha tunapachika kwa `-o ro,noload`, ili hata jono lisichezwe.

Alikagua yaliyomo, tumtendee haki. Aliangalia folda za miaka na wateja, tarehe zake zikawa za miezi ya nyuma, na hakushtuka. Asingeshtuka hata kwenye diski sahihi. Tarehe ya folda inabadilika tu kinapoongezwa au kuondolewa kitu moja kwa moja ndani yake. Mchoro ukibadilishwa ngazi tatu chini, folda ya juu haijui. `df -h` nayo isingesaidia, kwa sababu tofauti ya GB chache kwenye diski ya TB 2 inapotea kwenye kukadiria. Cha kuuliza ni faili mpya kuliko zote:

```
find /mnt -type f -printf '%TY-%Tm-%Td %p\n' | sort | tail
```

Kuhusu `--delete`, nimesikia wakisema iondolewe, au iongezwe `-u` ili rsync isifunike faili mpya kwa ya zamani. Sikubaliani na lolote kati ya hayo kama tiba. Bila `--delete` bekapu inageuka dampo la kila faili iliyowahi kuwepo, na siku ya kurudisha hujui lipi ni jalada na lipi ni takataka. `-u` nayo isingezuia kufutwa kwa faili ambazo seva haikuwa nazo kabisa. Kinachofaa hapa ni `--backup` pamoja na `--backup-dir`, ili kinachofutwa kihamishiwe kwenye folda ya tarehe badala ya kupotea, na `--max-delete` iweke kikomo: ofisi ambayo kwa siku hufuta faili chache haina sababu ya kuruhusu mamia.

Jambo la mwisho ni la mpangilio wa kazi. Seva iliyotoka kurudishwa bado haijathibitishwa na wenye data. Mpaka watu wafungue kazi zao za jana, si za mwaka jana, bekapu inapaswa kulala, na diski iliyobaki isiguswe. Mkuu alipofungua mchoro wa mwaka uliopita alithibitisha tu kwamba mwaka uliopita upo.

## Kilichobadilishwa

Diski zilipewa lebo zake, `NAKALA-1` na `NAKALA-2`, kwa `e2label`. B ilipewa UUID mpya kwa `tune2fs -U random`. Amri hiyo inaweza kukataa na kukutaka ukague mfumo wa faili kwanza, kwa hiyo tulianza na `e2fsck -f`. Mstari wa `fstab` uliondolewa. Skripti sasa inahesabu kabla ya kugusa chochote:

```
zipo=$(lsblk -rno LABEL | grep -c '^NAKALA-')
if [ "$zipo" -ne 1 ]; then
    echo "Bekapu imesimama: diski za NAKALA zilizopo ni $zipo"
    exit 1
fi
```

Ikikuta sifuri au mbili, inasimama na kumtumia fundi ujumbe. Ikikuta moja, inaipachika, inaandika matokeo ya `findmnt -no SOURCE,LABEL,UUID /mnt/nakala` kwenye faili ya kumbukumbu, na mwishoni inaacha faili dogo lenye tarehe juu kabisa ya diski. Ni mstari mmoja kwa usiku, kwa hiyo unasomeka.

Mhasibu aliuliza swali ambalo sisi mafundi hatukuwa tumeliuliza: kwa nini diski mbili zinazopaswa kutofautishwa zimenunuliwa za rangi moja? Zikabandikwa karatasi za gundi, nyekundu na njano, zenye lebo na tarakimu za mwisho za siriali. Ukutani chini ya ngazi kuna karatasi ya kurudisha data yenye mistari michache: zima cron, chomeka diski moja tu, soma `tune2fs -l`, pachika kwa kusoma tu, kisha mwite mpimaji atafute kazi yake ya jana.

Siriali nazo zilituletea shida kidogo. `lsblk -o NAME,SERIAL` inaandika namba hiyo kwenye mstari wa diski nzima, si wa patisheni, na kwa diski za nje jibu linapitia kwenye sakiti ya kasha la USB. Baadhi ya makasha ya bei nafuu hayatoi namba ya diski iliyomo, yanatoa ya kwao, na kuna ambayo namba yao ni moja kwa kila kasha lililotoka kiwandani. Ofisi iliponunua diski ya tatu ikaja na kasha la namna hiyo. Kwenye karatasi ya ukutani hiyo imetambulishwa kwa UUID yake badala ya siriali, na safari hii ilifomatiwa, haikunakiliwa kwa `dd`.